Bwana Hajaniambia

Jumapili iliyopita Mchungaji alitufundisha juu ya karama za Roho, 1 Wakorintho sura ya 12 mpaka ya 14. Baada ya ibada watu walibaki nje wakijadiliana swali moja: mtu atajuaje kama anatumia karama yake kwa uaminifu? Ndugu mmoja alisema ukiomba na mambo yakatendeka, uko sawa. Dada mmoja akasema la, cha maana ni moyo. Ukiwa na nia nzuri, Mungu hana neno nawe. Mchungaji akanigeukia akaniambia, "Wewe andika. Una kitu cha kusema hapo."

Alijua anachosema. Wale mliokuwa nasi mwaka wa 2023 mlinisikia nikitubu mbele ya kanisa. Lakini wengi mmejiunga nasi baadaye, na mnaniona tu nikisimama na timu ya maombi, mkidhani nimekuwa mtu wa kuaminika siku zote. Kwa hivyo nitaeleza tena, halafu nijaribu kujibu lile swali.

Mnaukumbuka ule ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilikataa, na ikakataa misimu mitano mfululizo. Isiolo hii yote, kutoka Oldonyiro mpaka Merti na Garbatulla, mizoga ilikuwa kando ya njia. Ijumaa moja mwezi wa nne mwaka wa 2022 tulikuwa na kesha. Masika yalikuwa yamechelewa, na kila ombi usiku ule lilikuwa la mvua. Yapata saa nane usiku, mzee mmoja mshirika wetu, mfugaji wa upande wa Ngaremara, alikuja mbele. Alikuwa amebaki na mbuzi 34. Mnunuzi fulani alikuwa amekubali kuchukua 20 siku ya soko. Bei ilikuwa ya kutupa, lakini pesa hizo zingenunua mahindi na kulipa karo ya binti yake wa kidato cha pili, kwa sababu shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Aliniuliza swali la moja kwa moja: "Mtumishi, niombee nijue. Niuze ama nisiuze?"

Nilimwekea mikono. Niliomba kwa lugha kwa muda. Halafu kukawa kimya, ile kimya watu wote wanangojea utasema nini. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba Bwana anasema usiuze, mvua iko mlangoni, kabla ya mwezi kwisha mbuzi wako watakunywa maji ya mvua. Kanisa lote lilisimama. Akina mama walipiga vigelegele. Yule mzee alilia, na mimi nililia pamoja naye.

Mvua haikuja. Yalianguka manyunyu kidogo, siku mbili tatu, hata vumbi halikutulia. Mnunuzi alichukua mbuzi wa watu wengine akaenda. Mwezi wa tano mzee alianza kuokota mizoga asubuhi. Kufika mwezi wa nane alikuwa na mbuzi 6, wamekonda hata mchinjaji hawataki. Binti hakurudi shuleni mwaka huo. Mvua za mwezi wa kumi nazo zikakosa.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo inanisumbua zaidi. Hakuna mtu aliyeniuliza. Si mzee wa kanisa, si mtu wa timu ya maombi, si mzee mwenyewe. Badala yake nilisikia watu wakisema, pole pole, baada ya ibada: pengine imani yake ilikuwa ndogo; pengine kuna dhambi kwa ile boma; pengine alinung'unika. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na Biblia kwapani, na nikanyamaza. Mtu ambaye alipoteza mbuzi 28 kwa sababu aliniamini, sasa alikuwa anaambiwa hakuamini vya kutosha. Na ule uongo ulinifaa, kwa hivyo nikauacha.

Mwaka ukapita. Mwezi wa tatu 2023 mvua ilirudi, nyasi zikaota, watu wakaanza kusahau. Halafu mwezi wa nne ikaja habari ya Shakahola. Nilikuwa kwa kibanda cha chai karibu na soko, na watu wote walikuwa wamekodolea simu. Huko Kaunti ya Kilifi, ndani ya msitu, polisi walikuwa wanafukua makaburi ya wafuasi wa Paul Mackenzie, watu wanaosemekana walifundishwa kufunga chakula mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Hesabu ilipanda wiki baada ya wiki hadi ikapita miili 400, na wengi walikuwa watoto. Mackenzie alikana mashtaka mahakamani, na hukumu si yangu. Pale kibandani kila mtu alikuwa anakemea, Wakristo na Waislamu kwa pamoja. Mmoja akauliza kwa hasira, "Kwani hao watu hawakuwa na hata mtu mmoja wa kuuliza maswali?"

Chai ilinishinda kumaliza. Sisemi kosa langu ni sawa na lile. Lakini niliitambua ile mbegu. Mtu mmoja anasema kwa jina la Mungu, wengine wote wanaitikia amina, na hakuna anayeweza kumuuliza kitu. Yakiharibika, lawama inamwangukia yule aliyeumia. Hayo yote yalikuwa kwetu, hapa Isiolo, katika kanisa linaloomba vizuri na kuimba vizuri. Serikali baadaye iliunda jopo likiongozwa na Kasisi Mutava Musyimi kuangalia sheria za mashirika ya dini. Ni sawa. Lakini hakuna sheria itakayoingia kwenye kesha letu saa nane usiku ipime kama nilichosema kimetoka kwa Bwana ama kwangu. Hiyo ni kazi yetu wenyewe.

Basi turudi kwa lile swali. Nilikosa wapi?

Wacha nianze na jibu la yule ndugu: ukiona mambo yanatendeka, uko sawa. Kama ni hivyo, basi kosa langu ni moja tu, kwamba mvua haikunyesha. Ingenyesha, ningekuwa nabii. Lakini hebu someni Hesabu 20. Watu walikuwa na kiu jangwani. Mungu alimwambia Musa auambie mwamba utoe maji. Musa alikuwa na hasira, akawafokea watu kana kwamba yeye na Haruni ndio wenye kutoa maji, akaupiga mwamba mara mbili kwa fimbo. Je, maji yalitoka? Yalitoka mengi, watu wakanywa na mifugo yao wakanywa. Kama tungekuwepo tungepiga vigelegele. Na siku ile ile Mungu alimwambia Musa kwamba hataiingiza jamii ile katika nchi ya ahadi, kwa sababu hakumheshimu mbele ya watu.

Karama ilifanya kazi, na mtumishi hakuwa mwaminifu. Yote mawili kwa wakati mmoja. Mungu aliwanywesha watu kwa sababu aliwahurumia, na maji yale hayakuwa cheti cha Musa. Bwana Yesu naye, katika Mathayo 7, anasema wengi watamwendea siku ile wakitaja unabii na miujiza waliyofanya kwa jina lake, naye atawaambia hakuwajua kamwe. Angalieni kwamba habishani nao juu ya miujiza yenyewe. Kwa hivyo ndugu yangu, matokeo peke yake hayawezi kukuambia kama uko sawa. Mimi kwa miaka mingi nilihesabu shuhuda kama mtu anavyohesabu mauzo ya duka, na nilidhani hizo ndizo hesabu Mungu anafanya.

Sasa jibu la dada yetu: cha maana ni nia. Hili ni gumu zaidi, kwa sababu mimi sikumdanganya yule mzee kwa makusudi. Sikumwomba sadaka. Sikupata shilingi. Nilimhurumia kwa kweli, na machozi yangu hayakuwa ya maigizo. Ukiniuliza usiku ule kama nampenda Mungu, ningesema ndiyo, kwa moyo wangu wote.

Lakini huo "moyo wote" ndio nimeuchunguza tangu siku ile kibandani. Katika Marko 12 mwandishi anamuuliza Yesu amri iliyo kuu, na Yesu anasema tumpende Mungu kwa moyo, kwa roho, kwa akili na kwa nguvu, na yote hayo kwa ukamilifu, bila kubakisha. Nimejiuliza: usiku ule, akili yangu ilikuwa wapi? Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa utabiri wake. Mamlaka ya kukabiliana na ukame, ile tunaita NDMA, hutoa taarifa za kaunti kame kila mwezi, na redio zetu zilikuwa zinasema waziwazi hali ni mbaya na wafugaji wapunguze mifugo mapema. Nilikuwa nimesikia. Yule mzee pia alikuwa amesikia. Ndiyo maana alitaka kuuza. Niliiweka akili kando nikadhani huko ndiko kuwa wa kiroho. Wapendwa, amri haisemi tumpende Mungu kwa kila kitu isipokuwa akili. Mungu anaweza kusema kinyume cha utabiri, ndiyo. Lakini mtu anayempenda kwa akili zake zote, kabla ya kusema kinyume namna hiyo, atatetemeka kwanza. Mimi sikutetemeka hata kidogo.

Na moyo wenyewe? Nilipochimba nilipata vitu viwili vimelala pamoja. Kimoja ni upendo kwa Mungu na kwa mzee. Cha pili ni upendo wa ile kimya. Wale wenu mnaosimama mbele mnaijua. Watu mia wamefunga macho, wanakungojea. Mtu amekuuliza swali na macho yake yanaomba. Kusema "sijui" wakati kama ule ni kama kuzima stima katikati ya sherehe. Kanisa litapoa. Watu watasema upako umepungua. Mzee atarudi kwake na mzigo wake vile vile. Sikutaka hayo. Nilitaka kuwa mtu ambaye kupitia kwake mzee alifarijika. Kwa hivyo Mungu aliponyamaza, mimi nilimsemea.

Hapo ndipo kosa lilipo, kwa maoni yangu. Sikumtaka Mungu kama alivyokuwa usiku ule, yaani amenyamaza. Nilimtaka Mungu anayeongea, tena kupitia kwangu, tena anasema kitu kizuri. Mtu akimpenda mke wake anaposema tu, na akinyamaza anamjazia maneno mdomoni mbele ya wageni, tutasema anampenda kwa moyo wote? Nia yangu ilikuwa nzuri, lakini iligawanyika, na nusu yake ilikuwa inajipenda. Nami singeijua hiyo nusu kama mvua ingenyesha.

Kuna mtu katika Biblia amenisaidia sana hapa, naye ni Elisha. Katika 2 Wafalme 4, yule mama Mshunami amefiwa na mtoto wake. Anakuja mbio kwa mtu wa Mungu, anamshika miguu. Gehazi anataka kumsukuma. Elisha, nabii aliyeona mambo mengi ya siri, anamzuia Gehazi na kukiri mbele yao kwamba mama huyu ana uchungu mkubwa na Bwana amemficha jambo hilo, hajamwambia. Nabii mkubwa hivyo, mbele ya mtumishi wake na mbele ya mama anayemtegemea, anasema Bwana hajaniambia. Na hakuna kitu kilimpungukia. Baadaye katika sura ile ile mtoto anafufuka. Upako wake haukuharibika kwa kukiri kwamba hajui. Nadhani upako wake ulikaa salama kwa sababu aliweza kukiri.

Najua mtu atauliza: je, hii si kumzimisha Roho? Kama kila mtu ataogopa kukosea, nani atafungua mdomo? Ni swali la haki. Paulo, katika 1 Wathesalonike 5, anakataza kumzimisha Roho na kudharau unabii, lakini papo hapo anataka kila kitu kipimwe na kilicho chema kishikwe. Kwake hayo mawili hayapigani. Na katika 1 Wakorintho 14 anaweka utaratibu: manabii wawili au watatu waseme, na wengine wapime. Fikirieni. Kama nabii angekuwa hakosei, kupima ni kwa nini? Kanisa la Korintho lilikuwa na karama nyingi kutushinda, na bado lilihitaji watu wa kukaa chini na kupima.

Mwingine ataniambia, na imani je? Eliya hakuomba mvua mpaka ikanyesha? Aliomba. Lakini soma 1 Wafalme 18 kuanzia mwanzo. Kabla ya kwenda kwa Ahabu, Mungu alikuwa amemwambia atanyesha mvua. Imani yake ilisimama juu ya neno alilopewa. Yangu ilisimama juu ya hamu yangu. Halafu kuna yule mtumishi wake. Eliya ameinama juu ya Karmeli, anamtuma kijana aende akatazame upande wa bahari. Kijana anarudi anasema haoni kitu. Anatumwa tena, na tena. Mara sita anarudi na jibu lile lile. Eliya hakumkemea kwamba hana imani. Hakumwambia sema unaona wingu kwa imani. Alimrudisha tu akatazame tena. Na mara ya saba, aliposema ameona wingu dogo kama kiganja cha mtu, Eliya alimwamini mara moja. Unajua kwa nini? Mtu ambaye amesema ukweli mara sita, mara ya saba neno lake lina uzito. Kama angekuwa mimi, angeona wingu tangu safari ya kwanza ili mzee wake afurahi.

Na kama mtaka kuona unabii wa kweli juu ya njaa, uko katika Matendo 11. Agabo alisimama Antiokia akasema kwa Roho kwamba njaa kubwa inakuja. Si habari tamu. Sidhani kulikuwa na vigelegele. Lakini tazama ilizaa nini: wanafunzi walichanga, kila mtu kadiri ya uwezo wake, wakawatuma Barnaba na Sauli wapeleke msaada kwa ndugu wa Uyahudi. Neno la Agabo lilifanya watu wafungue mifuko na wafikirie tumbo la mtu wa mbali. Neno langu lilifanya mtu mmoja akae na mbuzi wake angoje, na sisi wengine tukaenda nyumbani tumefurahi. Hata kama singejua maandiko mengine yoyote, hiyo tofauti ingetosha kunishtua. Kama usiku ule ningesema, "Mzee, Bwana hajaniambia kitu, lakini kanisa, hebu tuangalie karo ya huyu mtoto," ningekuwa nimetumia karama kubwa kuliko ile niliyojifanya kuwa nayo. Si ndiyo maana Paulo aliweka sura ya 13, ya upendo, katikati ya 12 na 14?

Sasa niwaambie nilichofanya, si ili nisifiwe, maana nilichelewa mwaka mzima.

Kuna Nathani katika 2 Samweli 7. Daudi alimweleza hamu yake ya kumjengea Mungu nyumba, na Nathani akamwambia afanye yote aliyo nayo moyoni kwa sababu Bwana yuko naye. Lilikuwa neno zuri, la kutia moyo, na lilikuwa lake mwenyewe. Usiku ule ule Mungu akamsahihisha. Nathani alirudi kwa mfalme akamwambia sivyo. Alikuwa nabii wa kweli, alikosea, na alirudi. Kwake usiku mmoja ulipita. Kwangu ilikuwa ni mwaka na zaidi.

Nilimwambia Mchungaji, na mwezi wa tano 2023 tukaenda Ngaremara pamoja. Mzee alitukaribisha chini ya mti. Mkewe akaleta chai ya rangi. Nilimwambia, "Baba, lile neno nililokuambia usiku wa kesha halikutoka kwa Bwana. Lilitoka kwangu. Na watu waliposema huna imani, nilijua ukweli nikanyamaza. Naomba unisamehe."

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Mbuzi walikufa kwa kila mtu. Kwa Turkana, kwa Borana, kwa Samburu. Hata ungenyamaza, wengi wangekufa. Lakini wale ishirini ningeuza. Hao ni wako." Nikasema ndiyo, ni wangu. Akaendelea, "Hata hao nilishaacha. Kitu sikuacha ni kwamba ulipita hapa barabarani ukienda Archers Post, mara tatu, kwa pikipiki, na hukusimama. Nilikuona."

Mkewe akasema kutoka nyuma, bila kuinua sauti, "Na sisi tuliambiwa ni imani yetu."

Sikuwa na jibu. Mchungaji aliwaomba msamaha kwa niaba ya kanisa, na Jumapili iliyofuata walikuja, nikasimama mbele nikasema yote. Ilikuwa ni lazima iwe mbele ya watu, kwa sababu neno langu lilisemwa mbele ya watu na sifa yao iliharibiwa mbele ya watu. Ndugu wa Uamsho, ule ulioanzia Rwanda na Uganda ukafika Kenya miaka ya 1930, walikuwa wanafanya hivi: wanatubu waziwazi, na kama waliiba, wanarudisha. Sisi Wapentekoste tumeridhi moto wao, lakini hii desturi tumeiacha njiani. Mambo ya mbuzi tulikubaliana mimi na mzee, na hayo ni yetu. Binti alirudi kidato cha pili. Mwaka alioupoteza siwezi kumrudishia, na kila nikimwona kanisani naukumbuka.

Nilikaa nje ya timu ya maombi miezi minane. Niliporudi tulikubaliana mambo fulani, na ninayaandika hapa ili mtushike nayo. Hatusemi tena "Bwana asema" kirahisi, tunasema "nahisi Bwana anaweza kuwa anasema hivi, mpime." Jambo la dawa, la ndoa, la shamba, mifugo ama pesa, hakuna mtu mmoja anayelitolea neno peke yake, wawili watatu wanakaa nalo, na mwenye shida anahimizwa aende pia kwa daktari, ama kwa wazee, ama kwa afisa wa mifugo. Na mtu wa timu akitoa neno lisitimie, timu inamfuata yeye kwa maswali. Haimfuati aliyeambiwa.

Kuna waliosema tutapoa. Labda makesha yetu hayana kelele kama zamani. Lakini wiki chache baada ya kuanza huu utaratibu, mama mmoja aliuliza juu ya mtoto wake mgonjwa, na dada wa timu ya maombi, kijana tu, akamwambia, "Mama, Bwana hajaniambia kitu. Lakini nitakusindikiza hospitali kesho asubuhi." Hakuna aliyepiga vigelegele. Nilikaa kwa kiti changu nikamshukuru Mungu, kwa sababu niliona karama ikitumika kwa uaminifu mbele ya macho yangu.

Kwa hivyo jibu langu kwa lile swali ni hili. Usijipime kwa yale yanayotendeka ukiomba, wala kwa jinsi nia yako inavyoonekana nzuri kwako mwenyewe. Jipime kwa vile unavyofanya Mungu akinyamaza. Je, unaweza kukaa naye hapo, mbele za watu, mikono mitupu, na bado umpende? Na ukiwa umemsemea asichosema, je, utasimamisha pikipiki?

Mzee bado ananiomba nimwombee. Siku hizi haniiti mtumishi, ananiita ndugu yangu. Na kila mara, kabla ya kufunga macho, ananiuliza, "Leo ni Bwana amesema, ama ni wewe?" Tunacheka wote wawili. Halafu mara nyingi namwambia ukweli, kwamba Bwana hajaniambia, na tunaomba hivyo hivyo.

Mungu atupe moyo mmoja usiogawanyika, na atupe ujasiri wa kunyamaza pale yeye amenyamaza. Amina.